UZI: Kabla hujamkabidhi mkandarasi paa lako, ipigie simu kampuni yake ya bima

Mleta uzi

Wakuu, habari zenu. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie, hasa wewe ambaye boma limeshafika kwenye lenta na unatafuta mtu wa kupaua, au wewe unayetaka kuezua paa lililochoka uweke jipya.

Nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Niliamua kubadilisha paa la nyumba ninayoishi. Mkandarasi niliyempata alikuwa na sifa nzuri. Nilikwenda kuona nyumba mbili alizopaua, kazi imenyooka, hata majirani wa pale wakamsifia. Nikamuuliza, "Bima unayo?" Akasema anayo, akatoa kwenye begi cheti kilichokunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni. Akakikunjua nusu. Nikaona nembo ya kampuni ya bima, nikaona mhuri, nikaona tarehe bado haijaisha. Nikamrudishia tukaendelea kuongea habari za mabati. Ukaguzi wangu wote haukufika nusu dakika.

Siku ya pili ya kazi wakawa wameshaezua upande wote wa nyuma. Jioni wakatandika turubai, wakalifunga kamba kwenye kenchi (fremu za mbao za paa), wakaondoka. Saa nane usiku ikaja mvua ya upepo. Turubai lilifunuka kona moja tu, na kona hiyo ilitosha. Nilisimama chumba cha watoto na tochi mkononi nikiangalia dari ya jipsamu inavyovimba katikati. Doa lilikuwa linatanuka huku naliona, na pale penye skrubu rangi ilianza kupasuka, skrubu moja baada ya nyingine. Tukawatoa watoto. Hatujamaliza kuwalaza sebuleni, dari yote ikashuka juu ya vitanda vyao.

Mkandarasi hakukimbia, na kwa hilo nitamheshimu siku zote. Alikuja asubuhi, akaona, akasema, "Kaka usihangaike, bima italipa." Tukapeleka madai. Majibu yalipokuja yalikuwa mafupi: bima iko hai, ada imelipwa, ila kwenye hati, pale panapoandikwa shughuli ya mwenye bima, pameandikwa kupaka rangi na umaliziaji wa ndani. Aliikata enzi zile akiwa fundi rangi. Baadaye akahamia kwenye kupaua, kila mwaka analipia upya ileile, hakuwahi kuwaambia kwamba kazi imebadilika. Kupaua hakumo, kwa hiyo hakuna fidia.

Na ule mstari ulikuwa kwenye cheti alichonionyesha. Ulikuwa chini ya mkunjo.

Tangu hapo nimesaidia ndugu na marafiki kadhaa kukagua wakandarasi wao, na nimejifunza kwamba wengi tunachanganya vitu viwili. Bima ni ya madhara: akiharibu mali yako au mtu akiumia kwa sababu ya kazi yake, nani analipa. Garantii ni ya kazi yenyewe: paa likivuja kwa sababu alifunga vibaya, nani anarudi kulirekebisha. Bima hiyo ya madhara, inayoitwa bima ya dhima, kwa kawaida hailipi gharama ya kurudia kazi mbovu. Chukua mfano wa kofia ya paa (bati la kufunika kileleni) iliyofungwa vibaya, maji yakaingia yakaharibu dari na makochi. Dari na makochi bima inaweza kuvilipa. Kuifungua ile kofia na kuifunga upya ni juu ya mkandarasi na garantii yake. Kwa hiyo mtu akikwambia "usiogope kuhusu kuvuja, mimi nina bima", hajajibu ulichouliza. Na akikwambia "usiogope, nakupa garantii ya miaka 10", hajakwambia nani atalipa kibarua wake akidondoka kesho.

Siku hizi nafanya hivi. Naomba nakala ya cheti cha bima nikae nayo, nakala nzima, kurasa zote, siyo picha ya nusu ukurasa. Naangalia jina kwanza. Jina la kwenye cheti liwe lilelile litakalosaini mkataba na lilelile la akaunti nitakayolipia. Nimekuta cheti cha kampuni ya kaka wa mkandarasi, nimekuta cheti cha kampuni iliyokwisha kufungwa. Halafu shughuli: kupaua au kuezeka kuwe kumetajwa. Halafu tarehe, na hapa angalia tarehe ya kwisha ikilinganishwa na siku kazi itakapomalizika, maana bima inayokwisha katikati ya kazi ni tatizo lako pia. Halafu kikomo cha fidia kwa tukio moja. Jiulize nyumba hii ikiungua yote na ya jirani ikaguswa, kiasi hicho kinafika wapi?

Baada ya hapo napiga simu kampuni ya bima. Namba naitafuta mwenyewe kwenye tovuti yao au ofisini kwao, sichukui ile iliyochapwa kwenye cheti, kwa sababu anayeghushi cheti hashindwi kuweka namba ya rafiki yake. Nawasomea namba ya hati, nawauliza: hii bado iko hai leo? Ada imelipwa? Kazi ya kuezua na kupaua nyumba ya kuishi mnaifunika? Mafundi anaowapa kazi kwa mkataba wao wenyewe nao wamo? Halafu nawaomba wanijibu kwa barua pepe. Mazungumzo yote ni dakika kumi. Wengine watakwambia hawatoi taarifa za mteja wao. Hapo mwambie mkandarasi awaandikie ruhusa, au cheti kipya kitumwe kwako moja kwa moja kutoka kwenye kampuni au kwa dalali wa bima. Mkandarasi mwenye bima halali hilo halimgharimu kitu.

La wafanyakazi usiliache. Bima ya dhima na bima ya fidia kwa wafanyakazi ni mbili tofauti, na mara nyingi ya kwanza haiwagusi wafanyakazi wake mwenyewe. Kazi ya paa ni ya juu, watu wanaanguka. Kuna nchi ambazo mfanyakazi asiye na bima akiumia kwenye nyumba yako, madai yanaweza kukufikia wewe mwenye nyumba. Uliza zote mbili.

Habari za garantii nawaachia walio kwenye fani, najua wamo humu. Karibuni.

Kiwanja_kimoja

Pole sana mkuu, na hongera watoto walitoka salama.

Naomba kuuliza. Mimi fundi wangu hana kampuni. Ni fundi mzuri sana, amepaua nyumba ya mama yangu na ya shemeji, hakuna hata tone. Bima hana na hajawahi kuwa nayo. Nimuache?

Mleta uzi

Kaka Kiwanja, sitakwambia umuache. Ufundi wa mtu na karatasi zake ni vitu viwili, na wapo wenye karatasi zote wasiojua kupiga papi (mbao za kufungia bati). Ila jua kwamba hatari aliyokuwa aibebe yeye sasa unaibeba wewe, kwa hiyo ibebe kwa mpango.

Kama kweli ni mtu wa kudumu naye, mwambie akate bima kwa ajili ya kazi hii, na gharama iingie kwenye hesabu mnayokubaliana. Ikishindikana, ulizia bima ya ujenzi inayokatwa na mwenye nyumba mwenyewe, ipo, inafunika jengo wakati kazi inaendelea. Na kama nyumba unayoishi ina bima yake, wapigie kabla hujaanza, uwaambie paa linaezuliwa. Hati nyingi za nyumba zina sharti la kutaarifiwa ukifanya kazi kubwa, na usipotaarifu unaweza kunyimwa fidia kwa bima yako mwenyewe.

Halafu katika kazi yenyewe: aezue sehemu anayoweza kuifunika kwa bati siku hiyohiyo. Asiezue upande mzima kama walivyofanya kwangu. Andikeni hilo.

Mpauaji_mkongwe

Nimesoma neno kwa neno. Mleta uzi, mimi niko juu ya paa mwaka wa 19 sasa na uliyosema ni kweli. Naongezea upande wa garantii kama ulivyotualika.

Wateja wengi wanakuja na kipeperushi cha kiwanda, "mabati haya yana waranti ya miaka mingi", wanadhani nyumba imeshakuwa salama. Waranti ya kiwanda ni ya bati, siyo ya kazi. Na hata kwa bati lenyewe, isome. Mara nyingi miaka ile mingi ni ya bati kutotobolewa na kutu. Rangi kupauka au kubanduka ina miaka yake, michache zaidi. Na fidia hupungua kadiri miaka inavyokwenda: likiharibika mwaka wa pili ni tofauti na likiharibika mwaka wa 15. Wengi wanakupa bati jipya tu, kulishusha la zamani na kulipandisha jipya ni juu yako.

Halafu kuna masharti ya ufungaji, na hapa ndipo waranti nyingi zinapofia siku ya kwanza kabisa, bati hata halijapata mvua. Grainda. Ukikata bati la rangi au la aluzinki (lenye ngozi ya aluminiamu na zinki) kwa grainda, zile cheche za moto zinaunguza ile ngozi ya kinga kando ya mkato, na chembechembe za chuma zinaruka zinanasa juu ya bati. Baada ya mvua chache unaona vidoti vya kutu kama mtu amenyunyiza pilipili ya unga. Mteja analia kiwanda kimemuuzia bati bovu, kiwanda kinatuma mtu, anaangalia dakika mbili, anaandika "limekatwa kwa grainda", mchezo umekwisha. Bati linakatwa kwa mkasi wa bati au kwa nibla (mashine inayokata bati bila cheche), na vumbi la kutoboa skrubu linafagiwa jioni ileile.

Metali zisizoelewana nazo zinaua waranti. Aluzinki ina aluminiamu asilimia 55, iliyobaki karibu yote ni zinki. Ukiacha maji yanayotoka kwenye bomba la shaba yadondokee juu yake, au ukaweka madini ya risasi kwenye maungio, inaliwa. Hata papi zilizotiwa dawa yenye shaba, zikiwa bado mbichi zikagusa bati, zinalila kwa chini usikokuona. Karibu na bahari ndiyo kabisa, viwanda vingi vinaweka umbali maalumu kutoka ufukweni, ndani ya umbali huo waranti inapungua au haipo.

Kwa hiyo kabla ya kuajiri, chukua karatasi ya kiwanda yenye masharti ya ufungaji, mpe fundi, mwambie aisaini kwamba ameisoma na atafunga hivyo. Fundi anayejua kazi hatachukia. Weka risiti na vile vibandiko vyenye namba ya uzalishaji vinavyokuja na mabati, usiviache vitupwe na makaratasi. Na kama waranti inatakiwa kusajiliwa ndani ya siku fulani, isajili wewe mwenyewe, usimwachie mtu.

Sasa garantii ya kazi, hiyo ndiyo yangu mimi fundi. Iandikwe. Ya mdomo huwa inageuka siku ya kuvuja: "hiyo ni mvua ya upepo, hiyo sikuizungumzia." Iandikwe inaanza lini, inaisha lini, inahusu nini kwa majina: kofia, mabonde (pale pande mbili za paa zinapokutana kwa chini), maungio ya ukuta na bati, gata, skrubu. Iandikwe nikiitwa nafika ndani ya siku ngapi. Na iandikwe nini kinaiua, kwa mfano ukileta mtu wa dishi akatoboa bati bila kunishirikisha. Hilo ni haki yangu na mteja ajue mapema.

Mimi nawaambia wateja wangu washikilie asilimia 5 mpaka 10 ya malipo kwa miezi 6 au mwaka, ili msimu wa mvua upite. Fundi anayekataa kabisa sehemu yoyote isishikiliwe, muulize anaogopa mvua gani.

Mama_wawili

Asante kaka Mpauaji. Mimi niliumizwa na upande huo. Nilinunua nyumba, muuzaji akanikabidhi garantii ya paa imebaki miaka saba, nikaifurahia sana. Lilipoanza kuvuja kwenye bonde nikampigia mkandarasi. Akanijibu vizuri tu, kwa heshima, kwamba garantii ilikuwa ya yule aliyemfanyia kazi, haihamishiki. Nikaisoma tena, kweli, imeandikwa jina la mtu na neno hilo lipo.

Kwa hiyo dada na kaka zangu, kama kuna uwezekano wowote wa kuuza au kuwaachia watoto, ombeni garantii iandikwe kwamba inafuata nyumba.

Swali langu kwa wataalamu: na mkandarasi akifunga kampuni kabisa, garantii inakuwa ya nani?

Dawati_la_madai

Salamu wote. Nimefanya kazi upande wa madai ya bima kwa miaka mingi, nimeona naweza kuchangia.

Mama Wawili, akifunga, garantii yake inabaki karatasi. Ndiyo maana baadhi ya nchi kuna garantii inayoungwa mkono na kampuni ya bima: mkandarasi akifilisika, kampuni hiyo inalipia marekebisho. Ukiambiwa unayo, hakikisha una hati yenye jina lako kutoka kwa hiyo kampuni. Ahadi ya mkandarasi kwamba "ipo ofisini" haitoshi.

Sheria nazo zinatofautiana sana, hivyo ulizia ya kwako. Ufaransa, tangu sheria ya mwaka 1978, mjenzi anawajibika kwa kasoro kubwa za jengo kwa miaka 10 na anatakiwa awe na bima ya dhima hiyo kabla hajaanza kazi. Uingereza sheria ya mwaka 1969 inamlazimu mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Kwingine sheria iko kimya zaidi, na hapo mkataba wako ndio unaobeba mzigo wote.

Sasa kuhusu kilichompata mleta uzi. Hata kama shughuli ingeandikwa kupaua, bado nisingemwahidi malipo bila kusoma hati. Hati nyingi za wapauaji zina kifungu kuhusu paa lililo wazi. Wengine wanatenga kabisa maji ya mvua yanayoingia wakati paa limeezuliwa, wengine wanalipa kwa sharti kwamba paa lilifunikwa ipasavyo kila jioni. Hiki ndicho kifungu ninachowasihi mkiulizie kwa maneno hayohayo: "Mvua ikinyesha usiku paa likiwa wazi, mnalipa?"

Vifungu vingine viwili. Kimo: bima za mafundi wadogo mara nyingi zina kikomo cha urefu, tuseme mita 10, nyumba ya ghorofa ikizidi hapo haimo. Na moto: kama paa lako ni bapa na litazibwa kwa shiti za lami zinazoyeyushwa kwa moto wa gesi, kuna masharti kama kizimamoto kuwa jirani na mtu kubaki analinda angalau saa moja baada ya moto kuzimwa. Mafundi wakifunga vifaa wakaondoka mara moja, sharti limevunjwa. Nimeshika jalada la nyumba iliyoungua hivyo. Bima ilikuwepo, kila kitu kimelipwa, na mwenye nyumba alitoka mikono mitupu kwa sababu ya ile saa moja.

Uliza pia kiasi ambacho mkandarasi anajibebea mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa. Kikiwa kikubwa kuliko uwezo wake, atakukwepa hata kama bima iko safi.

La mwisho, cheti kinasema hali ilivyokuwa siku kilipotolewa. Ada ikiwa inalipwa kwa awamu na akaacha awamu ya pili, hati inafutwa lakini cheti bado unacho mkononi. Kama kazi inachukua wiki nyingi, piga simu tena katikati.

Mleta uzi

Dawati, Mungu akubariki. Hicho kifungu cha paa lililo wazi sikuwahi kukisikia, na nimeshawasaidia watu bila kukiuliza. Leo hii nawapigia wawili ambao kazi zao bado hazijaanza.

Mpauaji, ile ya kumsainisha fundi karatasi ya kiwanda naichukua pia.

Kiwanja_kimoja

Wakuu narudi na mrejesho. Nilikaa na fundi wangu nikamsomea uzi huu wote kwenye simu. Hakukasirika. Alikaa kimya muda, akaniambia miaka minne iliyopita kijana wake mmoja alivunjika nyonga kwenye kazi ya mtu, na yeye ndiye aliyeuza pikipiki kumtibu. Hakuwahi kuniambia.

Tumekwenda pamoja kwa wakala wa bima. Wamempa bei ya bima mbili, ya dhima na ya vijana wake watatu, kwa muda wa kazi tu. Tumegawana. Kwenye fomu, pale pa shughuli, nilisimama nyuma yake nikamwona akiandika kwa herufi kubwa: KUEZUA NA KUPAUA. Nikamuuliza yule dada wa wakala habari ya mvua ya usiku paa likiwa wazi. Akafungua kijitabu, akatafuta, akasema wanalipa kama kumefunikwa na kuna picha za kila jioni.

Kwa hiyo kila jioni tutapiga picha. Tunaanza Jumatatu, upande wa jikoni kwanza, mapapi manne kwa siku.